Gesi ya Ziwa Kivu na saa za jioni: Bukavu itafaidika vipi?

Uchambuzi – Bukavu, Kivu ya Kusini

Kati ya saa kumi na mbili za jioni na saa nne za usiku, taa za Bukavu hubadilika rangi. Zile ambazo delestaji haijazizima zinakuwa nyekundu kama kaa la makala, friji inakoroma, resho inashindwa kuchemsha maji ya chai. Ndizo saa ambazo watu wamerudi kutoka Nyawera, Essence na soko la Kadutu. Kila mmoja anawasha taa, anachaji simu, anapiga pasi nguo za watoto za kesho, na mwenye resho anabandika sufuria. Wahandisi wa umeme wanaziita saa za kilele. Mahitaji yanapanda kwa ghafula, lakini mashine za kutoa umeme zinabaki zile zile za asubuhi.

Ng'ambo kidogo tu, upande wa Rwanda, sehemu ya umeme wa taifa hilo inatoka kwenye gesi ya metani iliyotolewa chini ya ziwa hili hili tunaloliangalia kila siku. Ndiyo maana swali linarudi mara kwa mara katika mazungumzo ya mji: kwa nini na sisi tusijenge kituo cha gesi, kiwe kinawashwa jioni wakati moto unapokuwa dhaifu?

Swali ni la haki. Lakini jinsi linavyoulizwa linaweza kutupeleka kwenye mkataba mbaya. Gesi ya Ziwa Kivu inaweza kuisaidia Bukavu saa za jioni, ila si kwa kuwashwa jioni. Itasaidia kama inafanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, ili maji ya Ruzizi yawekwe akiba kwa ajili ya jioni. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo itakayoamua nani atafaidika.

Tuanze na maji, maana ndiyo tuliyo nayo. Bukavu haijaunganishwa na Inga. Umeme wa bwawa lile kubwa la Kongo ya Kati haufiki huku. Jimbo letu linaishi kwa mto wake. Bwawa la Ruzizi I, linaloendeshwa na SNEL, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu kabisa na mahali ambapo mto unatoka ziwani. Uwezo wake hauzidi megawati 30, na hiyo ni pale mashine zote zinapozunguka. Mbele kidogo kwenye mto huo huo kuna Ruzizi II, yenye uwezo wa megawati 43.8, iliyoanza kazi 1989. Hiyo ni mali ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia shirika la SINELAC, kwa hiyo umeme wake unagawanywa. Tangu mwaka huo wa 1989 mji wetu umeongezeka mara nyingi. Umepanda milima, umejaa Panzi, umejaa Bagira, lakini mto haujapata bwawa jingine hata moja.

Bwawa la Ruzizi I lina sifa moja ambayo watu wengi hawaijui. Kazi yake si kuzungusha mashine peke yake. Ndilo pia mlango wa ziwa. Maji yanayotoka Ziwa Kivu kwenda Ruzizi yanapita pale, na Ruzizi II inaishi kwa maji ambayo Ruzizi I imeyaachia. Maana yake, nyuma ya bwawa hilo dogo kuna tangi la maji la ajabu: ziwa zima.

Hesabu ni rahisi. Ziwa Kivu lina eneo la karibu kilomita za mraba 2,400. Sentimita moja tu ya maji yake ni mita za ujazo milioni 24. Mto Ruzizi kwa wastani unatoa karibu mita za ujazo 100 kila sekunde, yaani kama milioni 8.6 kwa siku. Kwa hiyo sentimita moja ya ziwa ni karibu siku tatu za mto. Sasa tuseme kwamba katika saa 18 zisizo za kilele mtu anapunguza maji yanayotoka kwa mita za ujazo 10 tu kila sekunde. Jioni, katika saa sita zilizobaki, anaweza kuyarudisha maji hayo hayo kwa mita 30 zaidi kila sekunde. Na ziwa? Litapanda kwa chini ya theluthi moja ya milimita, kisha litashuka tena. Mvuvi wa sambaza hataona kitu.

Shida ni kwamba huwezi kuweka akiba ya kitu ambacho hata mchana hakitoshi. Viwanda vidogo, vinu vya unga, maduka ya fotokopi, hospitali na vyumba baridi vya samaki vinahitaji moto saa nne za asubuhi. Ukipunguza maji mchana ili upate jioni, umeihamisha delestaji kutoka sebuleni kwenda kwenye kinu. Hapo ndipo gesi inapoingia.

Namna gesi hii inavyotolewa, watu wengi wanadhani ni kama kisima cha mafuta. Sivyo. Metani imeyeyuka ndani ya maji ya chini sana, pamoja na gesi ya kaboni iliyo nyingi kuliko yenyewe. Wataalamu wanakadiria kilomita za ujazo 60 za metani na karibu 300 za gesi ya kaboni. Bomba linashushwa kutoka kwenye mtambo unaoelea. Kule KivuWatt, karibu na Kibuye, linafika kama mita 350 chini. Maji yakishaanza kupanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na maji yanaendelea kupanda yenyewe, kama chupa ya soda uliyoitikisa kisha ukaifungua. Juu, gesi inatenganishwa na maji, inasafishwa, inapelekwa nchi kavu kwa bomba, na huko inachomwa ndani ya injini zinazozungusha jenereta. Maji yaliyobaki yanarudishwa chini.

KivuWatt, ya kampuni ya ContourGlobal, inatoa megawati 26 na iligharimu takriban dola milioni 200. Baadaye imefuata Shema Power huko Rubavu, yenye uwezo wa megawati 56. Kabla ya hapo, tangu 1963, gesi ya ziwa ilikuwa inapasha moto mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi. Ndiyo kusema bia ilionja gesi hii miaka mingi kabla ya taa.

Angalia sasa tabia ya mtambo wa namna hiyo. Kwenye ziwa hakuna tangi kubwa la kuhifadhi gesi; ikitoka inachomwa. Gharama karibu yote ni ya kujenga: mtambo unaoelea, mabomba, injini. Gesi yenyewe hainunuliwi kama mazutu. Mtu aliyekopa mamia ya mamilioni ya dola hatakubali mtambo wake ukae kimya saa 18, ufanye kazi saa sita. Na kama atakubali, atamwomba mteja alipe zile saa za ukimya pia, na kila kilowati ya jioni itakuwa ghali kupita kiasi. Ndiyo sababu jirani zetu wanaiendesha mitambo hiyo usiku na mchana.

Tanzania wana gesi ya namna nyingine, nao wanatufundisha jambo. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam 2004, na baadaye vikajengwa vituo vya Kinyerezi. Miaka ambayo mvua ilikuwa kidogo na mabwawa yakashuka, gesi ndiyo iliyobeba nchi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kutoa umeme mwaka 2024, hesabu iligeuka: maji yakashika mzigo mkubwa. Lakini Tanzania ina bomba la gesi kutoka pwani, lenye vali za kufungua na kufunga kadiri unavyotaka, na gridi moja inayounganisha maji na gesi. Hapa kwetu mambo yamekaa kinyume: gesi ndiyo isiyopenda kuzimwa na kuwashwa, na maji ndiyo yenye ziwa zima la akiba. Kwa hiyo mpango wa Bukavu hauwezi kuwa nakala ya Kinyerezi. Gesi ibebe mzigo wa mchana, Ruzizi ifunguliwe jioni.

Hata hivyo, mpango huo una mipaka, na msomaji asidanganyike. Maji ya akiba hayana faida kama mashine ya kuyapokea imeharibika. Na mashine za Ruzizi I zina adui ambaye tunamjua, maana tunamlisha sisi wenyewe: chupa na mifuko ya plastiki. Mvua ikinyesha, mto Kawa unazoa taka za Kadutu na Ibanda, unazimwaga ziwani, na mkondo unazivuta hadi kwenye bwawa. Huko zinaziba njia ya maji, na mafundi wanalazimika kupunguza au kusimamisha mashine ili wazitoe. Kuna pia watu wa bonde la Ruzizi, wakulima wa Kamanyola na Luvungi, ambao mto ukipanda na kushuka kila siku wao ndio wa kwanza kuuona. Na tukumbuke mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yalipotolewa mengi kuliko yaliyoingia, ziwa lilishuka. Akiba ya saa chache si sawa na kunyonya ziwa mwaka mzima; ni lazima kuwe na anayesimamia. Nchi tatu zilikubaliana 2014 kuunda ABAKIR, mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi, kwa kazi kama hiyo.

Sasa, gesi yetu iko wapi? Hapa kuna jambo linalowashangaza wakaaji wengi wa Bukavu: haiko mbele ya Labotte wala Muhumba. Sehemu ya ziwa inayopakana na mji wetu ni ya kina kifupi, kama mita 100, na imetengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti cha mwamba chini ya maji. Metani yenye faida iko kwenye maji ya chini ya mita 260 hivi, kwenye bonde kubwa la kaskazini na kuzunguka upande wa Idjwi. Kwa hiyo umeme wa gesi utaanzia mbali, na lazima uletwe kwa nyaya hadi Bukavu. Mkataba usiosema nani atajenga nyaya hizo ni mkataba wa umeme wa watu wengine.

Kuhusu mikataba, historia ni ndefu kuliko matokeo. Mwaka 1975, Zaire na Rwanda zilitia sahihi makubaliano ya kuitumia metani hii kwa pamoja, kama mali ya wote wawili. Baada ya karibu nusu karne, mwezi wa saba 2022, serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 30: 27 vya mafuta na vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu, vinavyoitwa Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mwezi wa kwanza 2023 washindi wa vitalu vya gesi walitajwa: Symbion Power kwa Makelele na Winds Exploration and Production kwa Idjwi, zote za Marekani, na Alfajiri Energy ya Kanada kwa Lwandjofu. Jina la hiyo ya tatu ni Kiswahili safi, ila alfajiri yenyewe haijafika. Mnada wa mafuta ulifutwa mwezi wa kumi 2024. Upande wetu wa ziwa hakuna hata megawati moja ya gesi inayoingia kwenye nyaya za mji.

Kisha vita vikabadilisha ramani. Goma iko chini ya AFC/M23 tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu tangu katikati ya mwezi wa pili mwaka huo. Haki za vitalu zilitolewa Kinshasa. Fuko za ziwa ziko mikononi mwa wengine. Nani atatoa ruhusa ya kushusha mtambo unaoelea? Nani atapokea kodi? Benki gani itakopesha fedha za miaka 20 kwa mradi ambao haijulikani nani ataulinda? Kwa maoni yetu, hadi maswali hayo yajibiwe, ahadi yoyote ya gesi kwa mwaka huu au ujao ni maneno tu.

Lakini mambo hayajalala kabisa. Makubaliano ya amani kati ya Kongo na Rwanda yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 mwezi wa sita 2025 yanagusa ushirikiano wa kiuchumi wa eneo hili, na ndani yake yametajwa maendeleo ya umeme wa maji na usimamizi wa pamoja wa mali za Ziwa Kivu. Kwa lugha nyingine, gesi yetu imeingia kwenye meza ya amani, pamoja na madini. Hilo linaweza kuwa zuri, maana metani haina pasipoti: maji ya chini ya ziwa ni yale yale, na anayetoa upande mmoja anatoa kutoka kwenye chungu cha wote. Linaweza pia kuwa baya, kama megawati zitagawanywa juu kwa juu baina ya serikali na makampuni, kabla mtu yeyote hajauliza Kadutu wanapika na nini.

Na wanapika na nini? Makala. Moto wa jioni ukikosekana, mfuko wa makala ndio unaoshika zamu, na miti ya mifuko hiyo inatoka kwenye milima inayotuzunguka, hata pembezoni mwa mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwenye uwezo kidogo anawasha jenereta na kununua mazutu au esansi. Asiye na uwezo anawasha mshumaa, na kila mwaka tunahesabu nyumba za mbao zilizoungua. Saa nne hizo za jioni ndizo zinazopanga bei ya maisha ya mji huu. Basi atakayekuja na kituo cha gesi aulizwe mapema: umeme utauzwa kwa nani kwanza, kwa kaya za Bukavu, Kalehe na Idjwi, au kwa migodi yenye pesa za kulipa dola taslimu? Mgodi ni mteja mzuri kwa mwenye mtambo, kwa sababu unatumia umeme ule ule usiku na mchana. Bila sharti lililoandikwa, ni wazi nani atapendelewa.

Liko pia swali la hofu, na si la kupuuzwa. Mwaka 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika gesi ya kaboni usiku mmoja na kuua watu takriban 1,700. Ziwa Kivu lina gesi nyingi mno kuliko Nyos, na watu takriban milioni mbili au zaidi wanaishi kandokando yake. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, moja ya sababu zilizotolewa za kuhamisha sehemu kubwa ya Goma ilikuwa hatari ya gesi ya ziwa kuvurugwa. Utafiti uliotolewa 2020 ulionyesha kwamba metani haijaongezeka kwa kiasi kikubwa tangu vipimo vya miaka ya 1970, na hiyo imetuliza kidogo waliokuwa wanasema ziwa linajaa upesi. Kutoa gesi kwa utaratibu kunapunguza hatari hiyo. Kuitoa ovyo, na hasa kurudisha maji yaliyotumika kwenye kina kisichofaa, kunaweza kuvuruga tabaka zinazoishikilia gesi chini na kuleta uchafu kwenye tabaka la juu ambako sambaza wanaishi. Mamlaka mbili zinazopimana nguvu kandokando ya ziwa moja haziwezi kusimamia kanuni hizo kila moja kivyake.

Wengi watasema: tungojee Ruzizi III. Mradi huo wa megawati 206, wa nchi hizo tatu, umezungumzwa kwa miaka mingi, na umeshapata wafadhili wakubwa. Ukikamilika, theluthi ya Kongo itakuwa kama megawati 68, zaidi ya mara mbili ya Ruzizi I nzima. Hilo ni jambo kubwa. Lakini Ruzizi III nayo itakaa kwenye mto ule ule, chini ya mlango ule ule wa ziwa. Kadiri mashine zinavyoongezeka mtoni, ndivyo saa ya kufungua maji inavyokuwa na thamani, na ndivyo gesi ya kubeba mchana inavyohitajika. Miradi hiyo miwili si washindani. Mmoja unaongeza thamani ya mwingine.

Baada ya hayo yote bado kuna kabini za mitaa. Hata ukileta megawati 100 leo, kabini iliyojengwa kwa kaya chache na sasa inalisha mtaa mzima itaungua jioni ya kwanza. Nyaya zilizofungwa kwenye miti na viunganishi vya kienyeji vinapoteza umeme njiani kabla haujafika kwenye taa. Kazi hiyo haingojei bomba kufika chini ya ziwa, na haihitaji mtambo unaoelea.

Vivyo hivyo taka za Ruzizi I. Kizuizi cha nyavu na maboya kwenye mdomo wa Kawa, na watu wa kulipwa kukisafisha kila asubuhi katika miezi ya mvua, ni kitu ambacho mji unaweza kukifanya bila sahihi ya Kinshasa wala ya Washington. Mashine moja ya Ruzizi I isiyosimamishwa na chupa za plastiki ni megawati kadhaa, na zinapatikana saa ile ile ambayo taa huanza kuwa nyekundu.